Nazi za Shamba, Alizeti ya Dukani: Uchambuzi wa Kisa cha Kolesteroli ya Juu Katika Nyumba Moja ya Pemba

Mwenye kisa ameridhia kiandikwe. Jina lake, kijiji chake na skuli aliyokuwa akisomesha vimeondolewa, na mambo mengine madogo yamegeuzwa ili asitambulikane. Hapa ataitwa Maalim, kwani Pemba aliyewahi kushika chaki huitwa hivyo maisha yake yote, na jina hilo halimfichui mtu. Kisa kimeandikwa kwa wauguzi, maafisa lishe na yeyote anayempikia mtu aliyeambiwa ana mafuta mengi kwenye damu.

Mgonjwa na nyumba yake

Maalim anakaribia miaka 60. Havuti sigara, hana kisukari, na presha yake ilikuwa ikitibiwa kwa kidonge kimoja kwa siku ingawa haikuwa imetulia vizuri. Hajawahi kuumwa kifua wala kupata kiharusi. Baba yake alianguka shambani akiwa na miaka 60 na kitu, akafa kabla ya kufikishwa hospitali, na familia ilizika bila kujua alikufa kwa nini.

Kolesteroli ilionekana kwa bahati tu, alipopimwa damu kwa ajili ya presha. Majibu ya kwanza, kwa milimoli kwa lita, yalikuwa hivi: kolesteroli ya jumla 6.6, LDL 4.7, HDL 1.1, trigliseridi 1.7. Wanaozoea kupokea majibu kwa miligramu kwa desilita wazidishe kolesteroli kwa 38.7, LDL ya 4.7 inakuwa kama 182. LDL ndiyo inayobeba kolesteroli kutoka kwenye ini na kuisambaza mwilini, na ikizidi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa ya damu na kubakia humo. HDL huirudisha kolesteroli kwenye ini, na trigliseridi ni aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu. Kwa hiyo katika kisa chote namba ya kufuata ni hiyo ya LDL, ile ya jumla isimshughulishe msomaji sana.

Nyumba ina watu wanane: Maalim, mkewe, mama mkwe wake, watoto wanne na mjukuu mmoja. Mke ndiye apikaye, lakini amri ya jikoni ni ya mama mkwe, ambaye sote tulimwita Bibi. Wana shamba la minazi nyuma ya nyumba. Nazi hawanunui. Mchele, unga, sukari na mafuta ya kukaangia ndivyo vinavyotoka na fedha. Taarifa hii haikuandikwa kwenye faili la mwanzo, na kisa kizima kiligeukia hapo.

Dawa, au chakula kwanza

Daktari alipendekeza statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Maalim aliomba muda wa kujaribu chakula kwanza, kwa sababu ile wanayoitoa wengi: ukiianza huiachi. Walikubaliana miezi mitatu.

Uamuzi huo ulikuwa na misingi yake. LDL ilikuwa chini ya 4.9, hakuwa na kisukari, hakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo, na anapanda kilima cha shambani kwake bila kifua kumbana. Ingekuwa LDL imefika 4.9 au zaidi, au ameshapata shambulio la moyo, kungoja chakula kifanye kazi peke yake kungekuwa kumchezea. LDL ya juu kiasi hicho mara nyingi ni ya kurithi, na mtu wa namna hiyo huanza dawa na chakula kwa pamoja, na watoto wake nao hupimwa.

Daktari alifanya jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lingefaa kuwa desturi: kabla ya kukilaumu chakula, alipima tezi ya shingo, figo na sukari. Tezi ikilegea kazi yake hupandisha LDL hata kwa mtu anayekula mchicha mtupu, na figo inayovujisha protini hufanya hivyo hivyo. Alitazama pia kope na kano za visigino kutafuta vinundu vya mafuta. Vyote vilikuwa salama.

Miezi mitatu ya "acha mafuta"

Kituo alikopimwa mwanzo kilimpa karatasi yenye mistari michache: acha mafuta, acha mayai, acha nyama nyekundu, acha pweza, ngisi na kamba.

Maalim ni mtu wa kufuata maandishi. Mayai aliacha siku ile ile. Pweza, ambaye ndiye kitoweo chake anachokipenda kuliko vyote, aliacha pia. Mkewe akamtengea kisufuria chake: wali mweupe na samaki wa kuchemsha, pembeni ya seredani ambapo chungu cha nyumba kilikuwa kikitokota kama kawaida. Kisufuria hicho hakikudumu. Makaa yalikuwa ghali, mikono ya kupika ilikuwa ile ile, na mchana Maalim hukaa kwenye sinia moja na wanawe. Mtu hawezi kukaa na watoto wake kwenye sinia akawa anachota kisahani chake pembeni kama mgeni asiyeaminika. Baada ya wiki chache alikuwa akila wali wa sinia, akijitetea kwamba nazi si mafuta, ni nazi.

Mchana ule alipojizuia, jioni alishikwa na njaa. Akaijaza kwa boflo na chai ya sukari, vikombe viwili au vitatu, na wali mwingi zaidi usiku.

Halafu kulikuwa na kijiko. Shemeji yake alimtumia kwenye simu maneno marefu yanayodai kwamba mafuta safi ya nazi husafisha mishipa. Kwa vile nyumba hutengeneza mafuta yake yenyewe, kila asubuhi kabla ya chai alikunywa kijiko kikubwa kimoja. Hakumwambia mtu kituoni, si kwa kuficha. Kwake yeye hiyo ilikuwa dawa, na aliulizwa kuhusu chakula tu.

Majibu baada ya miezi mitatu: jumla 6.6, LDL 4.4, HDL 1.0, trigliseridi 2.6. Kwa kuwa trigliseridi hupanda baada ya kula, kipimo kilirudiwa akiwa amefunga tangu usiku, na namba hazikubadilika kitu. Maalim aliitazama ile 6.6 akasema, "Nimeacha pweza bure." Kwa namba ya jumla alikuwa na haki ya kukata tamaa. Ndani yake, hata hivyo, mambo mawili yalikuwa yamekwenda njia tofauti: LDL imeshuka kidogo, na trigliseridi imepanda sana kwa boflo, sukari na wali wa kujazia njaa. Karatasi ilimwambia cha kuacha. Haikumwambia atie nini mahali pake, na mahali pake pakaingia wanga.

Hesabu ya chungu

Hapo ndipo alipoletwa kwetu. Tuliomba mkewe aje naye. Bibi alituma salamu kwamba kama ni habari ya jiko lake, basi aje mtu jikoni. Muuguzi wetu akaenda, asubuhi, wakati nazi zinakunwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutukataza nazi?"

"Sijaja kukataza, Bibi. Nimekuja kuhesabu."

Zilihesabiwa nne. Mbili za wali, moja ya mchuzi wa samaki, moja ya muhogo wa jioni. Bibi mwenyewe alishangaa zilipowekwa mstari mmoja, kwani kila moja hukunwa kwa wakati wake.

Hesabu tuliyoifanya ni ya makisio, na yeyote anaweza kuirudia nyumbani kwake. Nyama ya nazi moja ya kawaida ni kama gramu 300, na theluthi yake ni mafuta, yaani gramu 100. Kifumbu hakikamui yote. Tuseme nusu huingia kwenye tui. Nazi nne zinatoa gramu 200, zikigawiwa watu wanane ni gramu 25 kwa kila mtu. Mafuta ya nazi karibu tisa ya kumi ni mafuta magumu, yale yanayolifanya ini lipunguze kuiondoa LDL kwenye damu. Kwa hiyo ni kama gramu 22 za mafuta magumu kwa mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 hizo ni gramu 22 hizo hizo. Nazi peke yake ilikuwa imekwisha kujaza kibaba chote, na mjukuu wa miaka mitatu hali chakula kingi kama babu yake, kwa hiyo fungu la Maalim lilikuwa kubwa zaidi ya hapo.

Juu yake kulikuwa na kijiko cha asubuhi, gramu 12 nyingine za mafuta magumu. Mapitio ya majaribio 16 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mafuta ya nazi, yakilinganishwa na mafuta ya mimea kama alizeti na soya, hupandisha LDL kwa kiasi cha miligramu 10 kwa desilita. HDL nayo hupanda kidogo, na hiyo ndiyo nusu ya habari inayosambazwa kwenye simu.

Kisha dumu. Maandazi ya kila asubuhi yalikaangwa kwa mafuta ya kupima kutoka dukani, na mwenye duka alimwonyesha muuguzi dumu lenyewe: mafuta ya mawese yaliyosafishwa, na kwa herufi kubwa maneno kwamba hayana kolesteroli. Maneno hayo ni kweli na hayamsaidii mtu. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli, hata ya nazi hayana. Kolesteroli iliyomo kwenye damu sehemu kubwa hutengenezwa na ini, na kinacholisukuma ni aina ya mafuta unayokula. Katika mafuta ya mawese karibu nusu ni magumu. Samli ni kama sita ya kumi. Karanga ni chini ya moja ya tano, ufuta ni kama moja ya saba, alizeti ni kama moja ya kumi. Mtu akiyashika haya machache anaweza kusimama mbele ya rafu yoyote ya duka akachagua, bila ya kusoma maneno makubwa ya mbele ya chupa.

La mwisho lilipatikana kwa swali la kawaida tu: ukishaswali alasiri unakaa wapi? Maalim hukaa barazani, na barazani hupita kahawa. Kahawa yetu huchemshwa na unga wake ndani ya dele na kumiminwa bila kuchujwa kwa karatasi. Ndani ya mafuta ya buni mna kitu kiitwacho kafestoli ambacho hupandisha LDL. Karatasi ya kuchujia hukikamata, dele halikikamati. Watafiti wa Tromsø huko Norwei walianza kuona uhusiano wa kahawa na kolesteroli miaka ya mwanzo ya 1980, na huko pia kahawa ya kuchemsha ilikuwa ya kawaida. Vikombe vya barazani ni vidogo, lakini Maalim alikunywa vingi, na kila kikombe kina kipande chake cha halua.

Makubaliano ya jikoni

Tungeweza kuandika karatasi nyingine, safari hii ikisema "acha nazi". Tuliamua tusifanye hivyo, kwa sababu tatu. Chungu ni cha watu wanane, na mtu mmoja hawezi kubadilishiwa chakula bila ya nyumba kubadilika. Nazi ni ya bure, na alizeti inataka fedha mkononi, kwa hiyo shauri lolote lisilotazama mfuko lingekufa wiki ya pili. Na Bibi hakuwa tayari. "Wali mkavu," alisema, "ni chakula cha mtu aliyefiwa."

Njia ilitoka kwake mwenyewe. Muuguzi alimuuliza walikuwa wakila nini alipokuwa mwari. Akasema nazi haikuingia kila chungu. Siku ya samaki wa chukuchuku kwa ndimu na pilipili, wali ndio uliotiwa nazi, na siku ya mchuzi wa nazi wali ulikuwa mweupe au ulikuwa muhogo. Kutia nazi huku na huku kulikuwa kwa wageni. Basi hiyo ikawa kanuni ya kwanza: tui liingie chungu kimoja kwa siku, na mpishi achague chungu gani.

Kanuni hiyo pekee ilizishusha nazi kutoka nne hadi moja na nusu. Bibi alishindana juu ya kasimile, lile tui zito la kwanza linalotiwa mwisho mchuzi ukiwa umeiva, na akaachiwa siku ya Ijumaa. Siku nyingine tui hukamuliwa kwa maji mengi zaidi, na mchuzi huzidishiwa kitunguu, nyanya na bizari.

Maandazi yalihamia Ijumaa nayo. Asubuhi nyingine ikawa muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, mkate wa mofa kutoka kwa jirani, au kunde zilizobaki jana. Mafuta ya kukaangia yakawa alizeti ya chupa, na chupa hiyo haiachwi juani dirishani. Mafuta yaliyokwisha kukaangia hayarudiwi mara tatu na nne kama ilivyokuwa.

Kunde, choroko na mbaazi zilipangiwa siku nne za wiki. Hapa palikuwa na ugumu wa kweli, maana mbaazi bila ya nazi Pemba huonekana ni mbaazi zilizosahauliwa. Tulikubaliana kwamba siku ya mbaazi, chungu cha mbaazi ndicho kitiwe nazi. Choroko zilipikwa kwa kitunguu na nyanya na hakuna aliyenung'unika. Nyuzinyuzi za jamii ya kunde, za bamia na za mapera hubeba sehemu ya nyongo kwenda nazo choo, na ini hulazimika kuchukua kolesteroli kwenye damu ili kutengeneza nyongo nyingine.

Pweza alirudi. Mayai yalirudi pia, machache kwa wiki. Ngisi na kamba wana kolesteroli nyingi kweli, lakini mafuta magumu yao ni kidogo sana, na kwa watu wengi kolesteroli ya kwenye chakula huigusa LDL kidogo kuliko mafuta magumu yanavyoigusa. Pweza aliyechemshwa na kutiwa ndimu hakuwa adui wa mtu huyu hata siku moja. Kumrudisha kulikuwa na faida nyingine ambayo haimo kwenye vitabu: Maalim alianza kutuamini. Vibua, dagaa na jodari walipewa siku zaidi, wa kuchoma au wa kuchemsha, kwa ajili ya trigliseridi.

Kijiko cha asubuhi kiliachwa. Kahawa ikawa vikombe viwili, na baraza ikabaki ilivyo. Sukari ya chai ilishushwa hadi kijiko kimoja. Maalim alianza pia kwenda msikitini kwa miguu kwa njia ya mbali, asubuhi na jioni.

Fedha? Nazi zilizobaki, zaidi ya 15 kwa wiki, ziliuzwa kwa jirani anayetengeneza mafuta ya nywele. Zililipa alizeti na zikabakisha chenji. Kama kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo ningependa wenzangu waliige, ni hilo.

Ramadhani

Mwezi mtukufu uliingia katikati ya mpango. Futari ya Pemba ni muhogo wa nazi, ndizi za nazi, majimbi ya nazi, maharage ya nazi, na tambi za sukari zenye nazi, siku moja, meza moja. Wafanyakazi wenzetu walishauri mpango usimamishwe hadi baada ya Idd. Muuguzi alikataa, na alikuwa sahihi: mwezi mmoja wa futari kamili ungefuta kazi ya miezi miwili.

Walichokubaliana na Bibi ni zamu. Usiku mmoja muhogo ndio wenye nazi, ndizi zikachemshwa. Usiku wa pili ndizi. Tambi na kaimati zikawa za wikendi. Mpango ulishika nusu ya kwanza ya mwezi, ukalegea kumi la mwisho walipokuja wageni, na wakati wa Idd haukuwepo kabisa. Biriani la samli lililiwa nyumba tatu. Kwa sababu hiyo kipimo kilisogezwa hadi wiki nne baada ya Idd, tupime mwenendo wa nyumba na si wa sikukuu.

Matokeo

Kwa jumla miezi minne ilikuwa imepita tangu hesabu ya nazi. Kolesteroli ya jumla 5.6, LDL 3.8, HDL 1.1, trigliseridi 1.5. Uzito ulipungua kilo tatu. LDL ilikuwa imeshuka karibu moja ya tano tangu mwanzo, na hicho ni kiwango kizuri kwa chakula peke yake. Wengi hupata pungufu ya hapo. Waliokuwa wakila mafuta magumu mengi zaidi ndio wenye pa kushukia.

Maalim alitaka mambo yaishie hapo. Daktari alimweleza kwamba kwa umri wake, presha yake na kifo cha baba yake, angependa LDL iwe chini zaidi, na kwamba chakula kimeshatoa sehemu kubwa ya kile kinachoweza kutoa. Wapo madaktari ambao wangesubiri. Huyu hakusubiri, na Maalim alikubali. Alianza atorvastatini ya miligramu 20. Hii haina sharti la saa maalumu, kwa hiyo Ramadhani ijayo ataimeza kwa futari au kwa daku. Aliambiwa atoe habari akiumwa misuli bila sababu, na apunguze maji ya balungi, kwani yakinywewa mengi huzuia mwili kuivunja dawa hiyo na ikazidi kwenye damu. Balungi liko shambani kwake pia.

Baada ya miezi mitatu LDL ilikuwa 2.3.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa kupima ukubwa wa gramu, ni kupunguza nazi na kuacha kijiko. Kubadili mafuta ya dukani kulikuja nyuma yake. Kahawa, kwa vikombe vile vidogo, nadhani ilichangia kidogo, na hatukuwa na njia ya kuitenga. Nasema hivi kwa sababu tumeona wagonjwa wakinunua alizeti kwa gharama kubwa, wakaimimina kwenye mboga iliyokwisha kutiwa tui. Mafuta mazuri hayafuti mafuta magumu yaliyotangulia chunguni. Lazima yachukue nafasi yake.

Kubadilishana huko ndiko kunakoeleza matokeo ya vipindi vyote viwili. Kipindi cha kwanza mafuta yaliondolewa, nafasi ikachukuliwa na boflo na sukari, trigliseridi ikapanda. Kipindi cha pili nafasi ilichukuliwa na choroko, samaki na alizeti, na LDL na trigliseridi zikashuka pamoja. Anayeshauri mtu aache kitu fulani amalizie sentensi yake kwa kumwambia ale nini badala yake, na kwa bei gani.

Hoja ya wazee inastahili jibu la heshima, kwani kila kikao huletwa: babu zetu walikula nazi na hawakuwa na maradhi ya moyo. Visiwa vya Pasifiki vimechunguzwa kwa swali hilo hilo. Watu wa Tokelau walipata zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao kutoka kwenye nazi, na wa Pukapuka kama theluthi. Kolesteroli ya Tokelau ilikuwa juu zaidi, na maradhi ya moyo yalikuwa machache kote kuwili. Walikuwa wakila samaki na nazi, sukari kidogo, kazi ya mikono kutwa nzima. Bibi aliposimuliwa hayo alisema babu yake alichuma karafuu mpaka uzeeni na hakujua boflo. Nazi ya babu ilikuwa na maisha ya babu. Maalim anayo nazi ile ile, pamoja na boflo, kiti na presha.

Kuna mfano wa karibu zaidi, wa bahari yetu hii. Mauritius mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyokuwa yakiuzwa kwa wananchi, kutoka mchanganyiko uliokuwa na mawese mengi hadi soya. Katika miaka mitano wastani wa kolesteroli ya watu ulishuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Mabadiliko yale hayakumngoja kila mgonjwa akubali peke yake. Sehemu kubwa yalifanywa pale mafuta yalipotoka. Nyumba ya Maalim ilifanya jambo la namna hiyo kwa kipimo chake, kwani aliyeshawishiwa alikuwa Bibi. Kipindi cha kwanza tulikuwa na mgonjwa mtiifu sana asiyeshika upawa.

Vilivyoshindikana ni vitatu. Karamu kwanza: harusi na hitma hazikupata mpango wowote, na tangu aanze dawa Maalim amekuwa mwepesi zaidi wa kukubali biriani, akisema kidonge kitamlinda. Pili, vijana wa nyumba. Wameyakubali mabadiliko ya mchana, na jioni wanakula urojo na bajia za barabarani zilizokaangwa kwa mafuta yaliyopita moto mara nyingi. Hatukuwahi kuzungumza nao.

La tatu ndilo zito. Katika muda wote huo hakuna aliyempima mke wa Maalim. Alikuwa akija kama msaidizi wa mgonjwa, akiandika kanuni, akiuza nazi, na faili lilikuwa la mumewe. Alipopimwa hatimaye, miezi kadhaa baada ya nyumba kubadili mafuta, LDL yake ilikuwa 3.9 na sukari yake ya asubuhi 6.8, ambayo haijafika kisukari lakini imeshatoka kwenye kawaida. Ilikuwa ngapi nazi zilipokuwa nne kwa siku, hakuna kipimo cha kutuambia. Sasa ana faili lake mwenyewe, atarudia vipimo baada ya miezi mitatu, na Bibi ameandikiwa tarehe ya kupimwa siku hiyo hiyo.